Milimita nne zilizokula mikanda ya Hiace yetu

Asubuhi tuliyoondoka Mikumi kuelekea Iringa, injini ilipowaka tu ililia mlio mkali wa kuchoma masikio, na walinzi wa pale tulipolala wakageuka kutuangalia. Mke wangu aliniuliza kama hiyo ndiyo mikanda mipya niliyoifunga Morogoro wiki tatu zilizopita. Nilimjibu kwamba mpira mpya huwa unalia kidogo kabla haujazoea puli, yaani gurudumu lenye mfereji ambamo mkanda hupita, jibu ambalo sikuwa na ushahidi wake wowote, na kwa kuwa baada ya dakika kama kumi mlio ulikoma wenyewe, nilijiona nimeshinda hoja. Naandika habari hii kwa ajili ya wenzangu wanaosafiri na magari ya kulala, au kempa kama wengi tunavyoyaita, kwa sababu kosa nililolifanya linatokana kwa sehemu kubwa na vile magari haya yanavyobadilishwa kutoka kazi yake ya awali.

Gari letu ni Toyota Hiace ya zamani yenye injini ya dizeli iitwayo 3L, ya ujazo wa sentimita za ujazo 2,779, ambayo ilikuwa ya kubebea abiria kabla hatujaiwekea kitanda, jiko la gesi, tangi la maji na betri ya pili ya kuendeshea friji na taa. Katika injini hii mikanda miwili yenye umbo la V, inayokwenda bega kwa bega kama mapacha, huchukua mzunguko kutoka puli ya krenki, shafti kuu ya injini, na kuupeleka kwenye pampu ya maji, ambayo ndiyo iliyobeba feni, na kwenye alteneta, inayozalisha umeme wa gari. Mkanda wa pawa stelingi na wa kiyoyozi ni mingine, nayo haina makuu: ukikatika wa kiyoyozi utatokwa jasho, ukikatika wa stelingi utaumia mabega, lakini utafika. Ile miwili ndiyo yenye uzito, na wengi wanaoendesha Hiace za aina hii hawajui uzito wake wote, kwa sababu tumezoea kuuita mkanda wa feni kana kwamba hauna kazi nyingine zaidi ya kuzungusha feni.

Nyuma ya alteneta ya injini hii kuna pampu ndogo ya vakyumu, yaani ya kunyonya hewa, inayopata oili yake kwa mpira kutoka kwenye injini. Injini ya dizeli ya namna hii haina mvuto wa hewa wa kutosha kwenye manifoldi, mabomba ya kuingizia hewa, kama ilivyo injini ya petroli, kwa hiyo mvuto unaoisaidia busta ya breki, kifaa kinachoifanya pedali iwe nyepesi, lazima utengenezwe na pampu, na pampu hiyo inazungushwa na shafti ileile ya alteneta. Maana yake ni kwamba mikanda ile ikikatika yote, taa ya chaji itawaka, maji yatasimama kuzunguka, feni itatulia, na pedali ya breki, baada ya kukanyagwa mara moja au mbili kwa mvuto uliobaki kwenye busta, itakuwa ngumu kama jiwe. Breki zenyewe hazipotei, lakini utahitaji nguvu ya miguu yote miwili kuisimamisha nyumba yenye magurudumu. Taa nyekundu yenye picha ya betri, kwa dereva wa Hiace hii, ni taa ya breki pia.

Tulipita mbuga bila tatizo, tukapanda na kushuka milima ya Iyovi, na tulipofika bonde la Mto Ruaha joto la nje lilikuwa limeshapanda sana. Kabla kidogo ya kuingia Ruaha Mbuyuni nilisikia harufu ya mpira uliochomeka na mapigo chini ya kiti, kama mtu anayepiga ubavu wa gari kwa fimbo. Sindano ya joto ilikuwa haijavuka nusu. Nilisimama kwenye uwanja mpana karibu na meza za wauza vitunguu, na nilipofunua kifuniko cha injini, jambo ambalo halikuwa rahisi kwa sababu nitakazozieleza baadaye, nilikuta mkanda mmoja umejipindua ndani ya mfereji wake na kufumuka nyuzi pembeni, huku mwenzake ukiwa bado mzima lakini umeng'aa kama umepakwa vanishi. Mbele yetu kulikuwa na mlima Kitonga, ambako malori hupanda kwa gia ya kwanza na hewa ya kupoza rejeta haiji kwa mwendo wa gari bali kwa feni peke yake. Hapo si mahali pa kupeleka mkanda mmoja na nusu.

Nilikuwa na jozi ya akiba, na nia yangu ilikuwa kuifunga pale pale na kuendelea. Kijana mmoja fundi, aliyeitwa na wauza vitunguu kabla hata sijaomba msaada, alinisalimu shikamoo, akaangalia mkanda uliochanika, akauliza una muda gani. Nilipomwambia wiki tatu, aliukataa ule mpya niliokuwa nimeushika mkononi. "Mzee, huu nao utakula wiki tatu," alisema. "Tutafute kwanza kinachoula."

Alichofanya baada ya hapo ndicho nilichojifunza, na nimekirudia mara kadhaa kwenye magari ya marafiki. Kwanza aliusoma mkanda wenyewe. Mkanda wa V hubanwa kwa mbavu zake mbili, wala haukalii tumbo lake. Ukiona sehemu ya chini ya mkanda imesuguliwa, au chini ya mfereji wa puli pamekuwa peupe na kung'aa, ujue mkanda umekwisha au mfereji umepanuka, na sasa mpira unateleza badala ya kubana. Mbavu zote mbili zikiwa zimeng'aa sawasawa, hiyo ni dalili ya kuteleza kwa kukosa mkazo au kwa kubebeshwa mzigo mkubwa. Ubavu mmoja ukiwa umelika na mwingine una afya, tatizo ni puli kutokuwa kwenye mstari mmoja. Mpira uliovimba na kulainika umelowa oili au dizeli, na kuubadilisha kabla ya kuziba uvujaji ni kutupa fedha. Nyufa za kukatiza upande wa ndani ni uzee na joto. Mkanda wetu ulikuwa na mambo mawili kwa pamoja: mbavu zote ziling'aa, na ubavu wa upande wa mbele ulikuwa umelika hadi nyuzi zikaonekana.

Kisha aliondoa mikanda yote na kuzungusha kila kitu kwa mkono. Pampu ya maji ilizunguka kimya, haikuwa na mchezo alipoitikisa feni mbele na nyuma, na kitundu kidogo kilicho chini ya shingo yake, ambacho huanza kutoa kulanti sili ya ndani inapochoka, kilikuwa kikavu. Alteneta nayo ilizunguka bila kukwaruza. Jambo hili huchukua dakika tano na ni lazima lifanyike mikanda ikiwa nje, kwa maana beringi inayoanza kufa hujificha ndani ya kelele za injini, na mkanda mpya uliokazwa juu ya beringi mbovu huimaliza kwa haraka zaidi. Ukitaka kuisikiliza injini ikiwa inawaka, bisibisi ndefu iliyowekwa ncha kwenye kifuko cha beringi na mpini kwenye mfupa wa sikio inatosha, ilimradi mikono, nywele na mikono ya shati viwe mbali na feni.

Hatua ya tatu ilikuwa rula ya chuma. Aliilaza kwenye uso wa puli ya krenki na kuielekeza kwenye puli ya alteneta, na pale ambapo rula ilipaswa kugusa zote mbili, kwenye alteneta palibaki nafasi. Tuliipima kwa kupachika sarafu na vipande vya bati mpaka ikajaa: ilikuwa kama milimita nne, katika umbali wa sentimita thelathini hivi. Hesabu yake ni zaidi kidogo ya robo tatu ya digrii, ilhali mikanda ya V haitakiwi kuvuka nusu digrii. Milimita nne unaziona ndogo ukiziangalia kwenye rula, lakini mkanda unaingia kwenye mfereji kwa mshazari huo mara maelfu kila dakika, na kila mara unajisugua ukutani kabla ya kukaa.

Hapo ndipo ilipobidi nikiri. Miezi miwili kabla ya safari nilikuwa nimepeleka gari kwa fundi umeme mmoja anibadilishie alteneta, ili niweke yenye nguvu zaidi ya kuchaji betri ya pili. Alteneta iliyowekwa haikuwa ya injini hii hasa. Masikio yake yalikuwa membamba kuliko breketi, na mahali palipohitaji bushi, kipande cha bomba cha kujazia nafasi, upande wa nyuma palikuwa patupu, kwa hiyo bolti ilipokazwa iliivuta alteneta yote nyuma. Fundi wa Ruaha Mbuyuni aliondoa bolti ya egemeo, akatafuta washa nene kwenye kopo lake, akapanga mbili, akakaza, akapima tena kwa rula, akaongeza moja nyembamba. Rula ikagusa puli zote mbili. Kazi iliyokula mikanda jozi nzima ilitibiwa kwa washa tatu.

Ufungaji wenyewe hauna siri kubwa, lakini una mahali pa kuumia. Betri lazima ziondolewe waya hasi kabla ya kugusa alteneta, nami nasema betri kwa wingi kwa makusudi: kwenye kempa, hata ukitoa waya wa betri ya gari, betri ya pili inaweza kuwa bado inapeleka umeme hadi kwenye bolti kubwa ya alteneta, na paneli ya sola juu ya paa haijui kwamba uko matengenezoni. Spana iliyogusa bolti hiyo na bodi kwa wakati mmoja huyeyuka ncha. Baada ya hapo mikanda iliyo mbele hutangulia kutoka. Bolti ya egemeo na ile ya kurekebisha hulegezwa, alteneta husukumwa ndani kuelekea injini, kisha mikanda ya zamani huvuliwa na kupitishwa bawa moja moja la feni kwenye mwanya uliopo kati ya feni na kava lake. Mipya hupita njia hiyohiyo. Usiupandishe mkanda kwenye puli kwa kuutekua na bisibisi, kwani ndani ya mpira kuna kamba ndizo zinazobeba mzigo, nazo hukatika kimya kimya na hutaziona.

Mikanda inayokwenda kwa jozi hubadilishwa kwa jozi, hata kama mmoja bado ni mzima. Wa zamani umekwisha kurefuka. Ukiufunga pamoja na mpya, mpya utabeba kazi yote ya watu wawili. Niliwahi kushawishika kuuhifadhi ule uliobaki mzima, na fundi aliuchukua na kuukata kwa kisu mbele yangu, pengine kwa kunijua kuliko nilivyojijua.

Kuhusu mkazo, kipimo cha gereji za kawaida ni kidole gumba: unabonyeza katikati ya sehemu ndefu zaidi kwa nguvu ya kama kilo kumi, na mkanda unapaswa kushuka kwa takriban sentimita moja. Tahadhari yangu ni kwamba gumba la fundi aliyezoea lori na gumba langu si kipimo kimoja, kwa hiyo siku hizi natumia mizani ndogo ya ndoano kuvuta mkanda, nikisoma kilo kumi kabla ya kupima mshuko. Mkanda uliolegea hulia na kung'aa. Uliokazwa kupita kiasi haulii kabisa, na ndiyo hatari yake, kwa sababu unazikandamiza beringi za alteneta na za pampu ya maji mpaka zife, na utakapogundua utakuwa unanunua pampu badala ya mkanda. Mkanda mpya hurefuka zaidi katika saa zake za mwanzo. Tuliwasha injini kwa dakika kumi, tukazima, tukakaza tena, nami nikakaza mara ya tatu nilipofika Iringa. Kwa haki, hili la kukaza tena sikulifanya Morogoro nilipofunga jozi ya kwanza, na lilichangia.

Lakini puli kutokuwa kwenye mstari mmoja hakukueleza kila kitu. Mshazari ule ungekula ubavu mmoja; haukueleza kwa nini mbavu zote mbili ziling'aa, wala kwa nini mkanda ulilia asubuhi peke yake na kunyamaza baada ya dakika kumi. Jibu la sehemu hiyo nililipata nyumbani, nikiwa na mita ya umeme. Friji yetu hufanya kazi usiku kucha, na betri ya pili, ambayo ni ya lithiamu ya amperi-saa 100, huamka ikiwa imeshuka sana. Betri ya lithiamu, tofauti na ya asidi, haina haya. Ukiiunganisha moja kwa moja na alteneta kwa rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, hula kila amperi inayopewa. Nilipima amperi 70 dakika ya kwanza baada ya kuwasha. Kwa volti 14 hizo ni wati 980, na kwa kuwa alteneta ya kawaida hugeuza kuwa umeme kama asilimia 60 tu ya nguvu inayopewa, mikanda ilikuwa inabebeshwa zaidi ya kilowati moja na nusu, yaani zaidi ya nguvu za farasi mbili, kwa alteneta peke yake, injini ikiwa bado baridi na inazunguka polepole. Mikanda iliteleza, ikalia, puli zikapata joto, mpira ukang'aa. Baada ya dakika kama kumi mzigo ukapungua na mlio ukakoma, nami nikajisifu kwamba mpira umezoea.

Nimeiondoa rilei ile na kuweka chaja ya kati ya betri na betri, inayochukua amperi 30 tu hata betri ya pili ikiwa tupu kabisa. Inachelewa zaidi kujaza, lakini tunaendesha saa nne au tano kwa siku na sola inamalizia. Ukisikia kempa inalia asubuhi na kunyamaza baadaye, kabla ya kuulaumu mkanda uliza betri ya nyuma imelalaje.

Wapo wanaoupaka mkanda sabuni ya mche ili unyamaze. Unanyamaza kweli, kwa muda, na huku unazidi kuteleza. Maji safi yana faida zaidi, kama njia ya kupima na si ya kutibu: injini ikiwa inazunguka polepole, rushia kidogo upande wa ndani wa mkanda kwa chupa yenye tundu dogo, ukiwa umesimama mbali na feni. Mlio ukizidi, mkanda unateleza, tafuta mkazo au mzigo. Mlio ukipotea kwa sekunde chache kisha ukarudi, hasa ule wa kukatika-katika kama wa kifaranga, chukua rula na uangalie mstari wa puli. Kipimo hiki kinafaa pia kwa mikanda mipana yenye mifereji mingi ya magari mapya. Mikanda hiyo ya kisasa, hata hivyo, ina udanganyifu wake: mpira wake, wa aina iitwayo EPDM, hauonyeshi nyufa kwa wepesi kama ule wa zamani, bali hulika taratibu kama tairi, na unaweza kuonekana mzuri machoni ilhali mifereji yake imekwisha kuwa mipana na ya kina. Ukipitisha kucha na kuona matuta yamekuwa membamba na makali, umefika mwisho wake.

Wakati wa kununua, soma maandishi ya mgongoni badala ya kulinganisha mkanda na wa zamani kwa kuushikilia hewani, kwa kuwa wa zamani umerefuka. Mkanda ulioandikwa AVX13x1000, kwa mfano, una upana wa milimita 13 upande wa juu na urefu wa nje wa milimita 1,000, na herufi X inaonyesha kwamba upande wa ndani una meno ya kuurahisishia kupinda. Kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo, nimeona mikanda iliyoning'inizwa nje juani miezi na miezi. Siinunui, hata ikiwa na muhuri gani. Nauliza iliyo ndani ya kasha, naikunja kwa upole na kuangalia kama mpira unarudi bila kuonyesha mistari. Na mkanda wa akiba ndani ya gari usiukunje kwa kuufunga na waya; mimi nimeulaza chini ya godoro.

Mkanda wa taiming, unaozifanya valvu zifunguke na kufunga kwa wakati wake, ni habari nyingine kabisa, umefunikwa ndani ya kava lake na hauonekani kwa kufungua kifuniko tu. Huo haulii. Kwenye injini hizi hubadilishwa kila kilomita 100,000, na dashibodi ina taa ya kukumbusha. Ukikatika, valvu hukutana na pistoni, na mazungumzo ya gharama huanza upya. Anayenunua gari kuukuu asiyejua lini ulibadilishwa aubadilishe.

Nilisema kufunua kifuniko cha injini hakukuwa rahisi. Injini ya Hiace hii iko chini ya viti vya mbele, na mimi, nilipokuwa nikilitengeneza kabati la jiko kwa mikono yangu na kwa fahari kubwa, nililisogeza mbele hadi likakalia ukingo wa kifuniko, ili tupate rafu moja zaidi ya sufuria. Pale Ruaha Mbuyuni tulilazimika kutoa sufuria zote, mtungi wa gesi na skrubu kumi na mbili kabla hatujauona mkanda, huku wauza vitunguu wakitushikia vyombo. Sasa nimelikata kabati, nimeweka bawaba, na kifuniko kinafunguka kwa dakika mbili. Sufuria zilizokosa rafu zinasafiri ndani ya beseni chini ya kitanda, na kila kona zinagongana.